Kuchagua pampu ya kurudisha maji kwa tangi kubwa la samaki: anza na mabomba, malizia na pampu

Kitu cha kwanza kinachovuta macho kwenye boksi la pampu ni tarakimu kubwa: lita 6,000 kwa saa, lita 10,000 kwa saa. Tarakimu hiyo si lazima iwe ya uongo, ila hupimwa pampu ikiwa haijapandisha maji hata sentimita moja wala kufungwa bomba lolote. Kwako pampu itakaa chini, kwenye sampu (tangi dogo la kuchujia) iliyo ndani ya kabati, na itabidi iyasukume maji kupitia bomba, elbo na pengine vali mpaka yafike kwenye tangi la juu. Yatakayofika huko yanaweza kuwa nusu ya yale yaliyoandikwa, au pungufu. Kwa hiyo pampu ndiyo kitu cha mwisho kuchagua. Kwanza jua unahitaji maji kiasi gani, bomba la kushushia linabeba kiasi gani, na njia ya kupanda ina ugumu gani. Ukishayajua hayo matatu, pampu zinazofaa hubaki chache zenyewe.

Kwa mifano nitatumia tangi moja tangu mwanzo hadi mwisho: urefu sentimita 150, upana 60, kimo 60, likiwa juu ya kabati la sentimita 90, na sampu chini yake. Maji yanasimama sentimita 55 kutoka chini ya tangi. Kwa hesabu ni lita 495, lakini ukitoa nafasi ya mawe na mchanga yanabaki kama lita 450. Weka vipimo vya tangi lako mahali pa hivi.

Pampu hii ina kazi gani hasa

Maji huingia kwenye bomba la kushushia kutoka usoni mwa tangi, ambako utando wa mafuta na uchafu mwepesi hukusanyika. Yanateremka hadi kwenye sampu, yanapita kwenye soksi ya kuchujia, skima ya protini (kifaa kinachotoa uchafu kwa viputo), hita na chochote kingine ulichoficha huko, kisha pampu inayarudisha juu. Kazi ya pampu inaishia hapo. Haikukusudiwa kutengeneza mawimbi ya kutikisa matumbawe au kuwapa samaki mkondo wa kuogelea. Kazi hiyo ni ya pampu za mawimbi zinazobandikwa ndani ya tangi, ambazo huifanya kwa wati chache mno, kwa kuwa hazipandishi maji popote.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu inashusha kiasi unachohitaji. Kuzungusha ujazo wa tangi mara 3 hadi 5 kwa saa kupitia sampu kunawatosha wengi, wa maji baridi na wa maji chumvi. Ule ushauri unaosikika wa kuzungusha mara 10 kwa saa ulikuwa na mantiki pale pampu ya kurudisha ilipotegemewa pia kuzungusha maji ndani ya tangi. Ukiufuata leo wakati una pampu za mawimbi, utaongeza kelele, viputo, bili ya umeme na mzigo kwenye bomba la kushushia, na samaki hawatapata faida yoyote ya kuonekana. Skima nayo haifanyi kazi zaidi eti kwa kuwa maji yanapita mbio mbele yake. Ina pampu yake na mwendo wake.

Kwa tangi letu, lita 450 mara 5 ni lita 2,250 kwa saa. Ukitaka pampu hiyohiyo ilishe pia taa ya UV (ya kuulia vijidudu) au riakta (chombo cha kupitishia maji kwenye vichujio maalumu) kupitia matawi ya bomba, ongeza mahitaji ya vifaa hivyo. Tuseme lita 700. Jumla inakaribia lita 3,000 kwa saa, na hilo ndilo lengo letu: lita 3,000 zinazosukumwa kweli katika mfumo uliokwisha kufungwa, si lita 3,000 za kwenye boksi.

Bomba la kushushia ndilo lenye kauli

Pampu haiwezi kupandisha maji mengi kuliko yanayoweza kushuka. Ikizidi, tangi la juu linajaa hadi kumwagika. Kwa hiyo kabla ya kwenda mbele, angalia tangi lako limetobolewaje.

Mpangilio rahisi ni bomba moja la wazi linaloteremsha maji yakiwa yamechanganyika na hewa. Linafanya kazi, lakini sehemu kubwa ya nafasi yake inachukuliwa na hewa, kwa hiyo uwezo wake ni mdogo na likipewa maji mengi linaguguma. Mpangilio bora kwa tangi kubwa ni bomba linalojaa maji tupu, bila hewa, kwa mvuto wa saifoni (maji yanayoshuka yakivuta ya nyuma yake), likiwa na vali ya kurekebisha chini, na pembeni yake bomba la pili la dharura ambalo kwa kawaida halibebi kitu au hubeba uzi mwembamba tu wa maji. Wapo wanaoweka la tatu: moja la saifoni, moja la wazi, moja la dharura tupu. Mafundi wa tangi wakubishie watakavyo kuhusu mawili au matatu. Lisilo na mjadala ni kwamba bomba moja peke yake kwenye tangi la mamia ya lita ni hatari. Konokono mmoja au jani moja linatosha kuliziba.

Kwenye bomba la saifoni tumia vali ya lango, ile inayozungushwa mara nyingi kabla ya kufunga, usitumie ile ya robo mzunguko. Marekebisho yanayohitajika hapo ni madogo sana, na vali ya robo mzunguko itakuchosha.

Kama tangi limeshatobolewa kwa bomba dogo na huwezi kulibadilisha, basi uwezo wa bomba hilo ndio kikomo chako. Shusha lengo la mtiririko, wala usijaribu kushindana nalo kwa pampu kubwa.

Kimo: cha kupimwa kwa rula na kisichoonekana

Pampu inapambana na vitu viwili. Cha kwanza ni kimo halisi, yaani umbali wa wima kutoka uso wa maji kwenye sampu hadi uso wa maji kwenye tangi la juu. Usipime kutoka pale pampu ilipokaa, kwa sababu maji yaliyo juu yake ndani ya sampu yanaisaidia. Na kama mdomo wa bomba unamwaga juu ya uso wa maji badala ya kuzama, pima hadi kwenye mdomo huo. Katika mfano wetu uso wa maji ya juu uko sentimita 145 kutoka sakafuni (90 za kabati na 55 za maji), na wa sampu uko sentimita 25. Kimo halisi ni sentimita 120.

Cha pili ni msuguano wa maji ndani ya bomba na kwenye kona, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Msuguano hupimwa kwa mita zilezile za kimo, kana kwamba pampu inapandisha maji juu zaidi kuliko hali halisi. Tabia zake mbili ni za kukumbuka. Mtiririko ukiongezeka maradufu, msuguano unakaribia kuongezeka mara nne. Na kipenyo cha ndani cha bomba kikipungua kidogo tu, msuguano unaruka, kwani unafuata karibu kipeo cha tano cha kipenyo hicho.

Hebu tuone kwa tangi letu. Tuseme njia ya kupanda ni bomba la mita 2.5 lenye elbo nne za nyuzi 90, na tunataka lita 3,000 kwa saa. Nimejumlisha kimo halisi cha mita 1.2, msuguano wa bomba, wa elbo, na nguvu inayopotea maji yanapotoka mdomoni:

Kipenyo cha ndani milimita 20: takriban mita 3.6
Kipenyo cha ndani milimita 25: takriban mita 2.1
Kipenyo cha ndani milimita 32: takriban mita 1.5

Tangi ni lilelile, kabati ni lilelile, lakini bomba jembamba linaidai pampu kimo zaidi ya maradufu ya kile inachodaiwa na bomba pana. Aliyefunga la milimita 20 atanunua pampu yenye nguvu mno na kulipia umeme wake kila mwezi kwa miaka, wakati tofauti ya bei ya mabomba yenyewe ni ndogo. Kama kuna ushauri mmoja tu utakaouchukua hapa, uwe huu: panua bomba kabla hujakuza pampu.

Hapo zingatia neno kipenyo cha *ndani*. Mabomba ya plastiki yanayouzwa kwa milimita hutajwa kwa kipenyo cha nje, kwa hiyo bomba linaloitwa la 25 linaweza kuwa na tundu la milimita 21 au 22 tu. Yanayouzwa kwa inchi yana utaratibu mwingine. Beba rula na upime tundu mwenyewe.

Kuhusu kona, elbo moja ya nyuzi 90 kwenye bomba la milimita 25 kwa mtiririko huo inagharimu kama sentimita 12 za kimo. Elbo mbili za nyuzi 45 zilizoachana kidogo ni nafuu kuliko moja ya 90, na mpira unaopinda taratibu ni nafuu kuliko zote. Mdomo wa pampu ukiwa mdogo kuliko bomba lako, panua palepale inapotokea, usingoje mbele. Vipua vya plastiki vinavyopindwa, vile vya vipande vinavyoshikana, hupendeza kwa kuelekeza maji, ila mdomo wake mwembamba unakula mtiririko. Gawa bomba kwenye vipua viwili kama unavipenda.

Kusoma grafu ya pampu

Mtengenezaji makini hutoa grafu: mhimili mmoja ni kimo kwa mita, mwingine ni mtiririko kwa lita kwa saa. Mwisho mmoja wa mstari ni mtiririko wa juu kabisa kimo kikiwa sifuri. Mwisho wa pili ni kimo cha juu kabisa, ambapo pampu inanguruma lakini hakuna hata tone linalotoka. Unachotafuta kiko katikati. Weka kidole kwenye kimo ulichokokotoa (2.1 kwa bomba la milimita 25), fuata hadi kwenye mstari, kisha soma mtiririko. Ukipata 3,000 au zaidi kidogo, pampu inafaa. Acha ziada ya asilimia 15 hadi 20 kwa ajili ya uchafu utakaojikusanya ndani ya bomba na kwenye impela (feni ndogo inayosukuma maji), basi. Ziada ya maradufu ni upotevu.

Kama grafu haipo na umepewa tarakimu mbili tu, mtiririko wa juu na kimo cha juu, chora mstari ulionyooka kati yake. Grafu halisi za pampu za aina hii mara nyingi hupinda juu ya mstari huo, kwa hiyo makadirio yako yatakuwa ya tahadhari. Mfano: pampu ya lita 6,000 na kimo cha mita 4, ikifungwa kwenye tangi letu, kwa mstari huo itatulia karibu na lita 2,200 kwa saa kwenye bomba la milimita 20, lita 2,900 kwenye la 25, na lita 3,500 kwenye la 32. Kumbuka kwamba mtiririko ukishuka msuguano nao unashuka, ndiyo maana la 20 halikukwama kabisa.

Boksi lisilotaja kimo cha juu popote lirudishe kwenye rafu.

Kuna na njia ya kumbaini muuzaji anayetia chumvi. Zidisha lita kwa saa kwa kimo kwa mita, gawanya kwa 367. Jibu ni wati ambazo maji yenyewe yanazihitaji ili yapande, bila kuhesabu upotevu wowote. Lita 3,000 kwa mita 2.1 ni kama wati 17. Pampu ndogo za nyumbani hupoteza zaidi ya nusu ya umeme zinaoula, kwa hiyo tegemea wati 40 na kuendelea. Ukiambiwa kuna pampu ya wati 20 inayofanya kazi hiyo, ujue kuna tarakimu imeongezwa mahali.

Mota ya AC au ya DC

Hapa mabishano hayaishi, nami nina upande wangu, lakini kwanza tofauti zenyewe.

Pampu ya AC inachomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Haina kidhibiti, haina adapta, ina kasi moja. Sehemu inayozunguka ni sumaku yenye impela tu, na zipo zinazofanya kazi miaka mingi bila kuguswa zaidi ya kusafishwa. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuipunguza ila kwa kubana vali, na nyingi hula umeme zaidi kwa kazi ileile. Ukiibana, bana upande wa kutolea. Ukibana upande wa kunyonya unainyima maji, nayo itatengeneza viputo, itapiga kelele na kujila yenyewe.

Kasi ya pampu ya AC inafuata pia marudio ya umeme. Pampu iliyopimwa kwa Hz 60 ikipelekwa kwenye umeme wa Hz 50 inazunguka kwa asilimia 83 ya kasi, na kimo chake cha juu kinashuka hadi kama asilimia 69. Yaani mita 4 za kwenye boksi zinakuwa 2.8. Kabla ya kuagiza kutoka nchi nyingine, hakikisha volti na marudio yanalingana na ya kwako, na kwamba grafu uliyoisoma ni ya marudio yako.

Pampu ya DC ina adapta na kidhibiti. Unaweza kuiongeza na kuipunguza, inaanza taratibu bila kishindo, nyingi zina kitufe cha kusimama dakika kadhaa wakati wa kulisha samaki, na kwa kawaida hunguruma kidogo na kula umeme mdogo. Udhaifu wake uko kwenye kile kidhibiti na adapta, vinavyochukia unyevu na chumvi. Vinapokufa, pampu nzima imekufa hata kama mota ni mpya. Vifunge nje ya kabati la sampu, juu, palipo pakavu.

Jambo linalowapita wengi kuhusu DC ni jinsi kupunguza kasi kunavyoathiri kimo. Mtiririko hufuata kasi, lakini kimo hufuata kasi mara kasi, na umeme hufuata kasi mara kasi mara kasi. Ukiiweka pampu ya kimo cha mita 4 kwenye asilimia 80 ya kasi, umeme unashuka karibu nusu, na kimo cha juu kinabaki mita 2.56, jambo zuri kabisa kama bomba lako ni pana. Ukiiweka kwenye asilimia 50, kimo cha juu kinakuwa mita 1. Tangi letu linadai mita 1.2. Pampu itazunguka, taa yake itawaka kijani, na hakuna maji yatakayofika juu. Kwa hiyo DC ichaguliwe ili ifanye kazi kati ya asilimia 70 na 85. Ikilazimika kuwa 100 siku zote ni ndogo, na ikiwa 50 ni kubwa mno.

Kwangu mimi, kwa tangi la sebuleni DC inashinda kwa utulivu wake. Mahali ambapo umeme unayumba na vipuri ni vya kuagiza, ningechukua AC rahisi, inayopatikana kirahisi, na impela ya akiba droani.

Ndani ya maji au nje

Nyingi za kisasa zinaweza kufungwa kwa namna zote mbili. Ya kuzamisha ni rahisi: hakuna kutoboa sampu, hakuna muhuri wa kuvuja, na maji yanaifunika kelele yake. Lakini joto lake linaingia kwenye maji. Kwenye chumba cha baridi hilo linasaidia hita, kwenye joto kali linageuka tatizo.

Ya nje inalazimu kutoboa sampu na kukaa chini ya usawa wa maji, kwa kuwa hainyonyi yenyewe kutoka chini. Weka vali na yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka) pande zote mbili ili uweze kuitoa bila kumwaga sampu. Kwa tangi la chini ya lita 1,000 sioni sababu ya kuhangaika na ya nje, ila kama joto la maji limekushinda.

Kwa maji chumvi, hakikisha mhimili ni wa kauri na hakuna chuma kinachogusa maji, hasa shaba, maana shaba huua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo sana. Pampu za bustani zenye mafuta ndani ziepuke kabisa: muhuri ukipasuka, mafuta yanaingia kwa samaki.

Majaribu mawili kabla ya kulipa

La kwanza: umeme umekatika. Pampu inasimama, maji ya tangi yanaanza kurudi kwa saifoni kupitia bomba la kupandishia hadi mdomo wake utakapovuta hewa, na maji yaliyokuwa juu ya ukingo wa kumwagikia yanateremka pia. Uso wa tangi letu ni sentimita 150 kwa 60, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 9. Mdomo uliozama sentimita 5 utarudisha lita 45. Ongeza lita 10 hadi 20 za ukingoni na za kwenye mabomba. Je, sampu yako ina nafasi tupu ya lita 65 wakati pampu inafanya kazi? Kama haina, pandisha mdomo wa bomba ukaribie uso wa maji, au toboa tundu dogo kwenye bomba chini kidogo ya uso ili livute hewa mapema. Tundu hilo lisafishwe, mwani hulipenda.

Vali ya upande mmoja inauzwa kama dawa ya tatizo hili. Usiitegemee. Kipande cha mwani au konokono mdogo kikikaa kwenye mdomo wake haifungi sawasawa, na inakuongezea msuguano kila siku kwa ajili ya kazi ambayo siku ya siku huenda isiifanye. Weka kama unataka, lakini sampu yenyewe iwe na nafasi ya kutosha bila hiyo.

La pili: bomba la kushushia limeziba. Pampu itaendelea kupandisha maji hadi chumba chake kwenye sampu kikauke. Chumba cha sentimita 40 kwa 30, chenye maji ya sentimita 20 juu ya mdomo wa pampu, kina lita 24. Lita 24 zikipanda kwenye tangi letu zinainua uso kwa sentimita 2.7 tu, na tuna sentimita 5 kabla ya ukingo. Salama. Chumba kikubwa chenye lita 60 kingemwaga maji sakafuni. Tahadhari: kifaa cha kujaza maji yaliyokauka kikiendelea kumimina wakati huo, hesabu hii inaharibika, kwa hiyo kiwe na kikomo cha muda.

Kwa tangi lenye samaki wa thamani, fikiria pampu mbili ndogo badala ya moja kubwa, kila moja na bomba lake. Moja ikifa usiku, ya pili inaendelea kupitisha maji kwenye hita hadi asubuhi. Gharama inapanda na nafasi ndani ya sampu inabana, lakini ni namna ya akiba inayofanya kazi bila wewe kuwepo. Na kama una betri ya dharura, iunganishe na pampu ya mawimbi au ya hewa kwanza. Samaki wanakosa oksijeni kabla ya kukosa kuchujiwa maji, na kupandisha maji kunamaliza betri haraka.

Kufunga na kupima

Isimamishe pampu juu ya miguu ya silikoni au kipande cha sponji, na uweke mpira laini wa sentimita 10 hadi 20 kati yake na bomba gumu. Kelele nyingi zinazosingiziwa mota ni mtetemo unaopita kwenye bomba hadi kabatini. Mdomo wa kunyonya uwe na kina cha kutosha. Ukiona kimbunga kidogo cha maji juu yake, inavuta hewa na tangi litajaa viputo vidogo.

Nyaya zote zining'inie na kushuka chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiteremka lidondoke kabla halijafika kwenye umeme. Soketi iwe na swichi ya kinga ya mshtuko. Chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono ndani ya maji.

Kisha pima mtiririko. Elekeza maji yanayotoka juu kwenye ndoo uliyoipima, pampu ikiwa kwenye mfumo kamili na mdomo ukiwa karibu na usawa wake wa kawaida. Lita zilizoingia, gawanya kwa sekunde, zidisha kwa 3,600. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 24 ni lita 3,000 kwa saa. Andika jibu hilo kwa penseli ndani ya mlango wa kabati pamoja na tarehe, litakufaa baadaye.

Mwisho, zima umeme kwa makusudi ukiwa umesimama hapo. Angalia sampu inajaa hadi wapi, uweke alama. Washa tena uone kama pampu inaanza yenyewe bila kusukumwa na bomba la saifoni linajaa tena ndani ya dakika moja au mbili. Rudia. Kisha ziba bomba kuu la kushushia kwa mkono uone kama la dharura linabeba maji yote peke yake. Fanya haya kabla samaki hawajaingia.

Matunzo

Kila miezi mitatu hadi sita, kutegemea ugumu wa maji, toa pampu, fungua kifuniko cha impela na uloweke sehemu zote za plastiki na kauri kwenye siki iliyochanganywa na maji au kwenye asidi ya sitriki, hadi chokaa ilainike. Brashi ya meno inamaliza kazi. Suuza vizuri. Pampu iliyokuwa ikifanya kazi bila kusimama inaweza kugoma kuwaka baada ya umeme kukatika kwa sababu tu chokaa imebana mhimili, na mara nyingi mtu anaitupa ikiwa nzima.

Rudia kipimo cha ndoo. Kikishuka kwa zaidi ya robo baada ya kusafisha pampu, angalia ndani ya bomba na vipua. Kikiendelea kuwa chini, impela imeisha au sumaku yake imepasuka, na hapo ndipo utakapofurahi kama wakati wa kununua uliuliza iwapo impela inauzwa peke yake.